Mgonjwa wa Darini

Deo alishuka kwenye teksi mbele ya geti la marehemu Mzee Severini, hapa Nyakabiga, amevaa koti zito lisilofaa kwa joto la Bujumbura, na nilimtambua kwa namna alivyofunga mlango wa gari: polepole, kwa mikono miwili, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Ni kaka yangu. Tangu avuke ziwa kwenda kuishi Kigoma hatukuwahi kuonana uso kwa uso. Alikuwa akinipigia simu Noeli na Pasaka, tunazungumza habari za mvua na magonjwa, kisha anakata. Siku hiyo ilikuwa siku ya kuondoa msiba, ambayo kwetu tunaiita ganduka. Ukoo huvua huzuni, watu hunywa pamoja, na msemaji wa familia husimama kuuliza mbele ya wote kama kuna aliyemdai marehemu kitu, au aliyedaiwa naye, ajitokeze aseme ili mambo ya mtu huyo yafungwe. Deo alinishika mabega yote mawili, akaketi kiti cha pembeni yangu chini ya hema, akaniuliza swali moja tu: "Ile mashine yako iko bado?" Nikamwambia iko. Akatikisa kichwa, akatazama viatu vyake. Waliokuwa karibu walidhani anauliza habari za kazi yangu ya ushonaji. Mimi nilijua anauliza habari za mwaka ule.

Mwaka ule nilikuwa binti asiye na haraka ya kuolewa na mwenye ulimi ambao akina mama wa kanisani waliusemea vibaya. Nilipanga chumba cha nyuma katika kiwanja cha Mzee Severini, seremala, mwenye nyumba wetu. Chumba kilikuwa na sakafu ya saruji nyekundu niliyoisugua kila Jumamosi, pazia la maua lililokigawa nusu, kitanda changu upande mmoja, godoro la Deo upande wa pili, na chini ya dirisha cherehani yangu ya kukanyaga kwa miguu. Dari ilikuwa ya mbao nyembamba zilizopigwa misumari, na Mzee Severini aliacha ubao mmoja bila msumari. Ubao huo ulikuwa juu kabisa ya kitanda changu. Nyuma yake ililala bunduki ya Deo, imeviringishwa katika kitenge changu cha zamani, kitenge ambacho sikuwahi kuombwa. Wanaume wa mtaa waliokuwa na silaha kama hiyo hawakuitaja kwa jina lake. Waliiita mgonjwa. Wanaume walikutana barabarani, mmoja akauliza mgonjwa anaendeleaje, mwingine akajibu anapumzika, na mpita njia angewaombea. Niliwacheka mwanzoni. Baadaye, kila nilipolala chali na kuutazama ubao ule, kicheko kiliniisha.

Lazima nieleze bunduki hizo zilikotoka, maana bila hilo yaliyofuata hayaeleweki. Wakati wa vita, mwanajeshi mmoja aliyekaa mtaani kwetu, ambaye wote tulimwita Komanda, aliwagawia bunduki baadhi ya wanaume waliokuwa wakilinda mtaa. Hakuwagawia hivi hivi. Aliagiza chungu cha pombe ya ndizi, akaonja yeye kwanza ili kila mtu aone hakuna sumu, kisha wakanywa wote kwa mirija, na baada ya hapo akamkabidhi kila mmoja yake mkononi. Akasema hizi ni ng'ombe zangu, nimewapa. Walicheka, kwa sababu kila Mrundi anajua maana ya kupewa ng'ombe. Ukipewa ng'ombe, wewe ni mtu wa aliyekupa. Siku moja ng'ombe atazaa, na utampelekea ndama, na urafiki utaendelea. Kumrudishia ng'ombe mwenyewe ni kumwambia usiwahi kupita kwangu tena. Ng'ombe tasa tu ndiye anayerudishwa bila kumtukana mtu. Walikunywa, wakaichukulia kama utani mzuri wa mkubwa, wakaenda kuzificha.

Kisha kukatokea usiku ambao watu walikuja kuvamia mtaa wetu. Zikasikika risasi, mmoja wa waliokuja akaanguka kando ya mfereji, wengine wakakimbia. Kulipokucha Deo alitoka nje na bunduki yake begani, kijana mwembamba mwenye macho mekundu, na akina mama wakapiga vigelegele. Tangu siku hiyo hakuna kabare Nyakabiga ambako Deo alijinunulia bia. Bandarini, alikobeba mizigo ya meli za Kigoma na Kalemie, walimpisha mbele. Nilichokiona mimi usiku huo nilikificha, kwa sababu hakuna aliyeniuliza, na kwa sababu nilimpenda, na jina lile lilimfanya atembee ameinua kichwa.

Vita vikaisha, angalau redioni, na uchaguzi wa rais ukawa unakuja. Ndipo wagonjwa wote wa mtaa walipoanza kuwa mzigo. Serikali ilitangaza kwamba mwenye silaha aipeleke komini, ofisi ya serikali ya eneo, kwa hiari, hataulizwa kitu, atapewa mabati. Vyama vilianza kuhesabu watu wao, na kila chama kilijua bila kuambiwa kwamba kura ni kitu kimoja na mwenye bunduki ni kitu kingine. Wenye bunduki walitafuta mahali pa kuzungumza. Kwa Mzee Severini kulikuwa na mke, watoto na wageni wa mke. Kwangu kulikuwa na cherehani. Ni Mzee mwenyewe aliyeligundua hilo: mashine ikienda, jirani wa nyuma ya ukuta hasikii neno. Basi kila Jumamosi, kazi za jumuiya za asubuhi zilipomalizika, walikuja na majembe yao na matope miguuni, wakakaa juu ya godoro la Deo na juu ya viti vyangu vyenye vitambaa vya kufuma, na mimi nikaambiwa nishone. Kama sikuwa na kazi ya mteja nilishona vipande vya mabaki, mstari juu ya mstari, mpaka kitambaa kikawa kigumu kama ngozi. Nikipunguza mwendo ili nisikie vizuri, mmoja wao angesema bila kugeuka, "Konso, shona."

Walikuwa watatu. Mzee Severini, mwenye koti la kazi la rangi ya udongo, na katika mfuko wa kifuani, pamoja na penseli ya useremala, mrija wake mwenyewe wa kunywea, kama wazee wa milimani. Deo. Na Papa Furaha, Mkongomani wa Uvira aliyepakia bidhaa katika boti bandarini, mtu mnene mwenye furaha ambaye hakuja mikono mitupu hata mara moja. Alileta mukeke, samaki wa ziwa letu, wa kukaanga, au sombe, kisamvu cha mkewe, katika sufuria iliyofungwa kwa kanga. Yeye bunduki yake hakupewa na Komanda. Alikimbia vita vya kwao akakuta vyetu, akajinunulia.

"Mukiipeleka komini," Mzee Severini alisema siku moja, akichokoa miiba ya samaki, "mutu anawaona, na kesho Komanda anajua. Mukibaki nayo, siku wanapita nyumba kwa nyumba wanaikuta. Mukimufuata Komanda, bon, mumeingia mu parti yake, mutake musitake."

"Na kama parti yake inashinda?" Deo akauliza. "Ameniambia atanifanya mukubwa wa wabebaji kule bandari."

"Na kama inashindwa?"

"Komanda hashindwaka."

Papa Furaha alilamba vidole. "Mi sina kura, niko na bunduki tu. Nyinyi muko na vyote viwili, na munalia kunipita."

Walicheka, na mimi nilicheka huku nikikanyaga. Lakini nilikuwa nimesikia sauti ya kaka yangu aliposema mkubwa wa wabebaji. Ilikuwa sauti ya mtu aliyekwisha kuamua na anatafuta wa kumsukuma. Mzee aliipima kila njia na kuirudisha mahali pake kama anavyopima mbao. Deo alikuwa na njia moja tu, na mwisho wa njia hiyo nilikuwa nikiuona kila usiku juu ya kitanda changu. Wakati wa kampeni vijana wa namna yake ndio wanaowekwa mbele ya gari. Wanapewa fulana na pombe, na jambo likiharibika wao ndio wanaookotwa.

Katikati ya mwaka Komanda, ambaye sasa alivaa suti na kukaa katika nyumba mpya kule Cibitoke, aliniletea kazi. Jora zima la kitambaa, rangi ya chama, nishone mashati ya watu wake. Sisemi rangi, wanaojua wanajua, na wasiojua haitawasaidia. Nilishona. Miezi ikapita, nikiwa na rundo la mashati yaliyobaki bila vifungo, likaja jora lingine, rangi nyingine kabisa, na kijana aliyelileta akaniambia yale ya kwanza niyafanye matambara. Komanda alikuwa amehama chama. Jumamosi iliyofuata wanaume watatu walikaa wakiyatazama majora mawili juu ya meza yangu, hakuna aliyegusa chakula.

"Sasa maadui ni nani?" Papa Furaha akauliza.

"Wale wa shati ya zamani," nikajibu mimi. "Wale tulikuwa nao mwezi jana."

"Konso, shona."

"Ng'ombe inafuata mutu," Mzee Severini akasema. "Haifuati parti. Alitupatia yeye, haikukuwa parti." Lakini alisema bila raha, na alitoa penseli mfukoni akaanza kuichonga ingawa ilikuwa imechongoka. Deo alionekana kufarijika. Kwake lilikuwa jambo jepesi zaidi sasa: asiulizwe anaamini nini, aulizwe tu ni mtu wa nani.

Jioni hiyo tulikula maharage na mawese, yeye na mimi, sahani moja, na nikamuuliza atamlinda Komanda dhidi ya nani. Akasema dhidi ya wale wengine. Nikamwambia wale wengine mashati yao nimeyashona kwa mikono hii, na ninajua vipimo vya vifua vyao, kuna mmoja ana kifua cha mtoto. Akasema wanawake hatujui mambo haya. Nikamwambia mambo haya nimeyakanyaga kwa miguu mwaka mzima, hakuna neno ambalo halijapita chini ya soli zangu. "Konso," akasema, akiwa amechoka, "watu wananiangalia. Watasema nini nikikaa?" Hapo nilielewa kwamba hapiganii cheo cha bandarini. Alikuwa akilikimbiza jina lake, na jina lilikuwa mbele yake siku zote, naye hakuweza kusimama.

Papa Furaha ndiye aliyekata shauri kwanza. Alifika siku moja na mukeke mkubwa kuliko kawaida, akala kwa hamu, akatangaza kwamba mgonjwa wake amezikwa. Alikuwa amevuka kwenda Uvira na magunia ya sabuni, na boti ilipofika mahali ambapo maji yanabadilika rangi, aliangusha gunia moja lisilokuwa na sabuni. "Ziwa haina parti," akasema.

"Hukuogopa?" Mzee akamuuliza.

"Ya kwangu nilinunua, Muzee. Kitu ya kununua hakuna mutu atakuja kuiuliza."

Mzee Severini na Deo walitazamana. Wote wawili walikuwa wamepewa. Nilisahau kukanyaga, na safari hiyo hakuna aliyenikumbusha.

Komanda alikuja mwenyewe, mchana, wiki chache kabla kampeni haijafunguliwa. Vijana wake waliingiza chungu cha pombe ya ndizi mpaka ndani ya chumba changu, wakakiweka katikati ya sakafu yangu nyekundu, wakatoka kungojea getini. Aliniamkia vizuri. "Fanya kazi yako, mama, usisimame kwa sababu yetu," akasema, na nilijua kwamba naye anajua kazi ya cherehani yangu. Nikakaa, nikaanza kushona shati la chama chake kipya. Papa Furaha hakuwepo. Komanda akainama akaonja, akafuta midomo, akawakaribisha. Deo alichukua mrija uliokuwa chunguni. Mzee Severini akatoa wake mfukoni, akaupuliza vumbi la mbao, akautia. Wakanywa. Wakaulizana habari za watoto, za mafuta kukosekana, za mvua iliyochelewa.

"Mi niligaba ng'ombe hapa," Komanda akasema mwishowe, kwa upole. "Nimekuja kuuliza ndama."

"Bunduki ziko, Komanda," Mzee akasema.

"Bunduki zibaki. Nani alisema bunduki? Nataka mwenye kuishika. Kampanye inaanza, nyumba ya Cibitoke inataka mutu ya kuaminika mbele ya mulango. Na mu gari, mbele." Alimgeukia Deo, akatabasamu kwa kweli, kama baba. "Huyu njo alipiga ile siku. Nyakabiga yote inajua. Ndama yangu ni hii."

Deo alinyoosha mgongo. Niliona shingo yake ikirefuka, niliona akifungua mdomo kusema ndiyo, na miguu yangu ikasimama. Sikuamua kuisimamisha. Mashine ikanyamaza, na chumba kikajaa sauti ambazo hatukuwahi kuzisikia katika mikutano ile: jirani nyuma ya ukuta akitwanga sombe, mtoto akikohoa, vijana wa Komanda wakicheka getini.

"Konso, shona," Mzee Severini akasema.

"Ile ng'ombe haikuzaa," nikasema.

Komanda alinigeukia taratibu. Mazungumzo ya ng'ombe hayana mwanamke ndani yake, na mazungumzo yale hata kidogo. "Unasema nini, mama?"

"Nasema ya Deo ni tasa. Haijapiga hata siku moja. Ile usiku alikuwa chini ya kitanda hii, mi na yeye, bunduki katikati yetu, hakukumbuka inafunguliwa wapi. Alilia mupaka asubuhi. Ng'ombe tasa inarudishwa, na hakuna mutu anakasirika. Irudishe."

"Konso," kaka yangu akasema. Hakupiga kelele. Alilisema jina langu kama mtu aliyemwagiwa maji akiwa amelala, na sauti hiyo ninayo mpaka leo, naweza kuisikia nikitaka na hata nisipotaka.

Komanda akaagiza iteremshwe. Deo alipanda juu ya kitanda changu na viatu, akasukuma ubao, akaishusha, na vumbi la dari likamwagikia ndani ya chungu. Komanda akakifungua kitenge. Mdomoni mwa bunduki kulikuwa na kipande cha nailoni kilichofungwa kwa uzi, alichokifunga yeye mwenyewe siku ya kuwagawia, unyevu usiingie. Uzi ulikuwa haujaguswa. Akautazama kwa muda, akaugusa kwa kidole gumba, na nilidhani atatuua sote. Badala yake akauliza, kwa udadisi wa kweli: "Donc nani alipiga?"

Kisha Mzee Severini akautoa mrija wake chunguni, akaupangusa kwa pindo la koti, akaurudisha mfukoni karibu na penseli.

"Mi," akasema.

Nilikuwa sijui. Naapa sikujua, na nadhani hata Deo hakujua, maana aligeuka akamtazama Mzee kwa mdomo wazi. Lakini mara moja nikakumbuka jambo ambalo mtaa mzima uliliona na haukulielewa. Yule mtu aliyeanguka kando ya mfereji hakuwa na ndugu wa kuja kumchukua, na Mzee Severini alimtengenezea jeneza, la mbao nzuri, alizokuwa ameziweka kwa ajili ya kabati la harusi. Tulisema Mzee ana roho ya kanisa.

"Mbona ulimuachia mutoto jina?" Komanda akauliza.

"Yeye aliitaka. Mi sikuitaka."

Komanda alicheka kidogo, akatikisa kichwa. "Basi ndama ni we, Muzee."

"Ni mi," Mzee Severini akasema.

Komanda aliiviringisha bunduki ya Deo katika kitambaa kutoka mezani kwangu, kile cha chama alichokihama, akaondoka nayo. Ng'ombe tasa ilikuwa imerudishwa, na hakuna aliyemkasirikia mwenzake kwa hilo. Chungu kilibaki katikati ya chumba, na mimi ndiye niliyekimwaga mferejini. Deo alikaa juu ya godoro lake akiutazama ubao uliokuwa wazi darini. Hakunipiga, hakunitukana. Angenitukana ningepata la kumjibu. Vijana wa getini walikuwa na masikio, na mashine ilikuwa imesimama. Kabla wiki haijaisha watoto walikuwa wakimuuliza Deo njiani kama kitanda changu ni cha mbao au cha chuma. Bandarini walirudi kumweka nyuma. Akaondoka katika boti ya mizigo kwenda Kigoma, Papa Furaha alimtafutia nafasi kati ya magunia, na mimi nikaenda mpaka kwenye geti la bandari na chakula cha njiani. Alikichukua bila kunitazama.

Mzee Severini alikaa mbele ya geti la nyumba ya Cibitoke kampeni nzima, na bunduki yake magotini, mtu wa umri wake, kati ya vijana waliokunywa tangu asubuhi. Nilimpelekea ndizi na maharage. Mara nyingi nilimkuta anapiga msasa mguu wa kigoda, bunduki ameiegemeza ukutani kama ufagio. Aliniuliza habari za mteja fulani, za paa kama linavuja, na za Deo kama ameandika. Hakuwahi kuniuliza kwa nini. Uchaguzi ulipopita Komanda alikuwa ameshindwa, naye alivuka ziwa kimya kimya na suti zake. Waliokuja kupekua nyumba walimkuta Mzee mahali alipowekwa. Alisema bunduki ni yake na hakusema aliyempa. Akafungwa, miaka ya kutosha kumrudisha mguu mmoja ukiburuta, na mkewe, Mama Janeti, na mimi tulipokezana kupeleka sufuria gerezani mpaka walinzi wakadhani sisi ni mama na binti.

Watu wanaoijua hadithi hii hutaka niseme kwamba najuta. Wengine hutaka niseme kwamba sijuti. Kaka yangu yuko hai, ana wajukuu wanaoongea Kiswahili cha Kigoma na kumcheka cha kwake, na kwa hilo sijuti hata kidogo, ningeisimamisha mashine ile tena leo hii. Lakini kama ningejua kwamba nikimtoa Deo katika mkono wa Komanda nitamweka Mzee Severini ndani yake, sijui ningefanya nini. Hilo silijui, na miaka yote hii haijanijulisha, na huwa nakasirika nikilifikiria. Mzee alirudi, akaendelea na useremala wake, akanitengenezea meza mpya ya kukatia vitambaa, akazeeka, akafa kitandani kwake. Kila mara nilipotaka kumwomba msamaha alinipa kazi ya kushika ncha ya pili ya ubao.

Ndiyo maana siku ya ganduka niliketi pembeni ya Deo nikiogopa, ingawa hakuna aliyekuwa na silaha pale. Mama Janeti alikaa mbele, amevaa nguo nyeupe niliyomshonea mimi, na juu ya mapaja yake ulikuwepo mrija wa Mzee. Pembeni, vijana wa mtaa walikuwa wakibishana chini chini habari za uchaguzi unaokuja na chama gani kinagawa fulana. Msemaji wa familia akasimama, akashukuru waliotoka mbali, akasimulia maisha ya marehemu kwa ufupi, akaruka ile miaka ya gerezani kama inavyorukwa katika sherehe. Kisha akauliza. Aliyemdai marehemu aseme. Aliyedaiwa na marehemu aseme.

Kwa desturi msemaji hungoja kidogo, kisha huendelea. Deo akasimama. Koti lake lilinasa kwenye kiti, akalivuta. Alipofungua mdomo sauti ilitoka ndogo, ya kukwaruza, na nilisikia chini ya kiti changu miguu yangu miwili imeanza kwenda, mbele na nyuma, mbele na nyuma, ikitafuta pedali ambayo haikuwepo, ili jirani asisikie. Niliishika magoti kwa mikono. Niliibana chini mpaka ikatulia.

"Mi niko na deni ya Muzee," Deo akasema. "Ile usiku walikuja, mulinipigia vigelegele. Mi nilikuwa chini ya kitanda. Ni yeye alipiga. Alibeba ile mambo peke yake, mupaka gereza, na mi nilikula jina yake, nikakimbia. Njo hiyo."

Mama Janeti hakugeuka. Aliuinua mrija kutoka mapajani, akaushika mbele yake kwa mikono miwili.

"Sema tena, Deo," akasema. "Wale wa nyuma hawakusikia."

Deo akavua koti, akaniwekea mimi mapajani. Akasema tena, kwa sauti.